Chemsha bongo ya sikukuu wakati ligi zimesimama: swali liwe na jibu moja kabla halijatoka

Swali: Ninaandika jarida la barua pepe kuhusu soka. Ligi ninayoifuatilia husimama mwishoni mwa mwaka, na kwa wiki kadhaa sina matokeo wala uchambuzi wa kuwapa wasomaji. Nimefikiria kuwaandalia chemsha bongo ya sikukuu yenye zawadi, lakini nina hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba kila mtu atayatafuta majibu mtandaoni na kuyapata yote. Ya pili ni kwamba nikishamtangaza mshindi, wengine watalalamika kuwa hawakutendewa haki. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu msomaji, hofu yako ya pili ndiyo kubwa zaidi, na dawa yake haipatikani siku ya kumtangaza mshindi bali siku ya kutunga maswali. Kwa uzoefu wangu wa kutunga na kusahihisha chemsha bongo, ugomvi hauanzi kwa sababu mwandaaji amempendelea mtu. Huanza kwa sababu swali lilikuwa na majibu mawili sahihi, na mwandaaji alilijua moja tu. Mtu aliyelijua lile la pili huona ameporwa, na kwa kweli ameporwa. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye maswali yenyewe, kisha nipite kwenye namna ya kuwatenganisha waliolingana, droo, na sheria.

Chukua swali ambalo kila mpenzi wa soka amewahi kuulizwa: ni mchezaji gani pekee aliyefunga mabao matatu katika fainali ya Kombe la Dunia? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa Geoff Hurst, aliyeifungia Uingereza mabao matatu dhidi ya Ujerumani Magharibi mwaka 1966. Mwaka 2015 Carli Lloyd wa Marekani aliifunga Japani mabao matatu ndani ya dakika 16 za mwanzo katika fainali ya Kombe la Dunia la wanawake, na tangu siku hiyo swali hilo, kama lilivyozoeleka kuulizwa, limekuwa na kasoro. Kisha tarehe 18 Desemba 2022 Kylian Mbappé akafunga matatu dhidi ya Argentina, na hata ukibana swali kwa kutaja wanaume tu, neno "pekee" likawa si kweli tena. Hata hivyo swali hilo bado linazunguka katika mikusanyo ya zamani, likiwa na jibu lake la zamani, na mwandaaji aliyelichota humo bila kulihakiki atamnyima pointi msomaji anayefahamu mambo zaidi kuliko yeye.

Swali hilohilo linaweza kuokolewa. Liandike hivi: "Hadi mwisho wa mwaka 2023, ni wachezaji gani wawili waliokuwa wamefunga mabao matatu katika mechi moja ya fainali ya Kombe la Dunia la wanaume, bila kuhesabu mikwaju ya penalti ya kuamua mshindi?" Ni refu, nakubali, lakini kila kipande kina kazi. Tarehe ya mwisho inalilinda swali dhidi ya mashindano yanayofuata. Neno "wanaume" linafunga mlango ambao Lloyd aliufungua. Maelezo kuhusu mikwaju yanahitajika kwa sababu Mbappé alifunga pia mkwaju wake baada ya dakika 120, na mtu anaweza kudai kwa nia njema kabisa kwamba alifunga mara nne usiku ule. Kumbukumbu rasmi haziuhesabu mkwaju huo kuwa bao, lakini usimwachie msomaji kazi ya kukisia kwamba wewe unafuata kumbukumbu rasmi.

Kuna maswali yenye kasoro ya ndani zaidi, kwa sababu jambo linaloulizwa halikuwahi kuwapo. Ukiuliza "Nani alishinda fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1950?", wengi watajibu Uruguay, iliyoifunga Brazil 2–1 katika uwanja wa Maracanã. Matokeo hayo ni sahihi, lakini mashindano ya mwaka ule hayakupangiwa fainali. Timu nne zilicheza kundi la mwisho, na ikatokea tu kwamba mechi ya mwisho ya kundi hilo ndiyo iliyoamua bingwa. Msomaji atakayekuandikia "hapakuwa na fainali" atakuwa sahihi kuliko swali lako. Uliza badala yake ni timu gani iliyotwaa ubingwa mwaka 1950 na iliifunga timu gani katika mechi ya mwisho. Usithubutu kuuliza idadi ya watazamaji wa siku ile, maana hesabu ya waliolipia tiketi na makadirio ya walioingia zinapishana kwa maelfu.

Rekodi nazo hubadilishwa, hata za zamani sana. Kwa muda mrefu ilikubalika kwamba mchezaji wa kwanza kufunga mabao matatu katika mechi ya Kombe la Dunia alikuwa Guillermo Stábile wa Argentina, mwaka 1930. Mwaka 2006 FIFA ilitangaza kwamba Bert Patenaude wa Marekani ndiye wa kwanza, kwa mabao aliyofunga siku mbili kabla ya Stábile. Kitabu kilichochapishwa kabla ya tangazo hilo si kitabu kibaya, ila jibu lake leo si sahihi. Kwa sababu hiyo nashauri kila jibu lihakikiwe katika vyanzo viwili visivyonakiliana, na angalau kimoja kiwe cha karibuni.

Maneno "visivyonakiliana" nayasisitiza, kwa kuwa katika kazi hii makosa husafiri kwa kunakiliwa. Mwandishi Mmarekani Fred Worth alitunga kitabu cha mambo madogomadogo ya kujua, na ndani yake akapachika kwa makusudi jambo la uongo: kwamba mpelelezi wa televisheni Columbo jina lake la kwanza ni Philip. Lengo lake lilikuwa kuwanasa wanaonakili. Jambo hilo likatokea katika Trivial Pursuit, mchezo wa ubaoni wa maswali na majibu ambao Chris Haney na Scott Abbott waliubuni huko Montreal mwaka 1979. Worth alishtaki akashindwa, na mahakama ya rufaa ilithibitisha uamuzi huo mwaka 1987, kwa hoja kwamba ukweli wenyewe hauna mwenye hakimiliki. Kwako wewe kesi hiyo ina maana mbili. Uko huru kutumia taarifa za matukio popote unapozikuta, ingawa heshima ya kazi inakutaka utunge maneno yako mwenyewe. Na taarifa uliyoikuta mahali pawili inaweza kuwa imetoka mahali pamoja, tena pa uongo.

Sasa nije kwenye hofu yako ya kwanza. Ni kweli wasomaji watatafuta mtandaoni, na siku hizi watawauliza pia wasaidizi wa akili mnemba. Sikushauri upambane na jambo usiloweza kulizuia. Kuwasihi watu wasitafute kunawaadhibu waaminifu peke yao, kwa sababu wao ndio watakaotii. Ruhusu utafutaji waziwazi katika masharti, kisha tunga maswali ambayo yanahitaji mtu afikiri kwanza ndipo ajue anatafuta nini.

Nitakuonyesha ninavyofanya. Kombe la Dunia la kwanza, mwaka 1930, lilikuwa na timu 13. Mwaka 1958 Just Fontaine wa Ufaransa alifunga mabao 13 katika mashindano yale peke yake. Kila moja ya taarifa hizi, ikiulizwa yenyewe, hupatikana kwa sekunde chache. Ziunganishe: "Idadi ya timu zilizoshiriki Kombe la Dunia la kwanza la wanaume inalingana na idadi ya mabao ambayo mchezaji mmoja, mzaliwa wa Marrakesh, aliyafunga katika Kombe la Dunia moja. Mtaje mchezaji huyo na mwaka huo." Msomaji anayemjua Fontaine ataona raha ya kuunganisha mambo mawili aliyoyajua kwa mbali, na asiyemjua ana ngazi mbili za kupandia, yaani mji aliozaliwa na namba. Akitumia mtandao, atakuwa amejifunza kitu njiani, na hiyo ndiyo sababu ya kumwandalia chemsha bongo katika wiki zisizo na mechi. Maswali mawili au matatu ya namna hii yanatosha. Yakizidi hapo, msomaji wa kawaida ataona shindano si lake na ataliacha katikati, nawe unataka washiriki wawe wengi.

Mengine yawe mepesi na yenye harufu ya majira yenyewe. Soka ya Uingereza ina hazina kubwa hapa, kwa kuwa ligi yake haikuwa na desturi ya kupumzika wakati wa sikukuu. Tarehe 26 Desemba 1963 mechi kumi za daraja la kwanza zilizaa mabao 66, na Fulham iliifunga Ipswich Town 10–1. Siku ya Krismasi ya mwaka 1965 Blackpool iliifunga Blackburn Rovers 4–2, na hiyo ndiyo mechi ya mwisho ya daraja la juu la Uingereza kuchezwa siku hiyo. Taja daraja na taja nchi, kwa sababu huko Scotland mechi za ligi zilichezwa siku ya Krismasi hata mwaka 1976. Kinyume chake, kaa mbali na swali maarufu la matokeo ya mechi kati ya askari wa Uingereza na Ujerumani wakati wa Krismasi ya mwaka 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Usitishaji wa vita wa siku ile una ushahidi mwingi, na barua za askari zinataja mpira, lakini haikuwa mechi moja rasmi yenye mwamuzi na kumbukumbu, na mabao yanayotajwa hayawezi kuwa msingi wa kumpa au kumnyima mtu zawadi.

Maswali yakishakuwa tayari, andika mwongozo wa kusahihishia kabla hujayatoa. Ndani yake amua utapokea tahajia zipi za majina, kama "Ujerumani" itatosha pale jibu kamili ni "Ujerumani Magharibi", na kama swali lenye sehemu mbili litatoa nusu pointi kwa aliyepata sehemu moja. Uamuzi wowote kati ya hiyo unaweza kuteteeka ukifanywa mapema. Ukifanywa baada ya majibu kufika, wakati tayari unajua ni nani ananufaika, hauteteeki hata kama nia yako ni safi. Mpe rafiki anayefahamu soka maswali hayo bila majibu na mwombe ayajibu, kila anapokuuliza "una maana gani hapa?", pana sentensi ya kuandikwa upya.

Tukubali kwamba baadhi ya wasomaji watapata yote. Utawatenganishaje? Njia inayotumiwa sana, ya kumpa zawadi aliyejibu wa kwanza, naipinga kwa moyo wote. Inamzawadia mtu aliyekuwa ameketi mbele ya skrini dakika barua yako ilipofika, na inamwacha aliyekuwa safarini, aliye kazini, anayeishi upande wa dunia ambako ni usiku, au mwenye mtandao dhaifu. Wakati wa sikukuu ubaguzi huo unazidi, kwa sababu wengi wako na jamaa zao. Acha shindano wazi kwa siku saba hadi kumi, na utaje saa ya mwisho kwa kipimo kimoja cha saa, kama UTC (saa ya kimataifa), ili asiwepo wa kuuliza usiku wa manane wa wapi.

Njia bora ni swali la kukadiria namba, ambapo aliye karibu zaidi anashinda. Lakini namba yenyewe ichaguliwe kwa uangalifu. Mwaka 1906, katika maonyesho ya Plymouth, watu karibu 800 walikadiria uzito wa ng'ombe baada ya kuchinjwa na kutayarishwa, na mwanasayansi Francis Galton akazichambua tiketi 787 zilizosomeka. Uzito ulikuwa ratili 1,198, na kadirio la katikati likawa 1,207. Mfano huo hutajwa mara nyingi kuonyesha busara ya umma, lakini mwandaaji wa shindano anapaswa kutazama jambo lingine ndani yake: nusu ya makadirio yote yaliangukia kati ya ratili 1,162 na 1,236. Gawanya watu karibu 394 katika namba 75 hivi, na utaona kwamba kwa wastani kila namba ilikuwa na watu watano. Makadirio hujikusanya palepale penye jibu, mahali ambapo wewe unahitaji yatengane. Namba ndogo ni mbaya zaidi; ukiwataka watu wachague kati ya 1 na 365, washiriki 23 tu wanatosha kufanya uwezekano wa wawili kulingana uzidi nusu.

Kwa hiyo tafuta namba iliyo katika mamia ya maelfu, ambayo haipatikani mtandaoni lakini inakadirika kwa akili. Ninayoipenda ni jumla ya herufi katika makala zote ulizowatumia wasomaji mwaka huo. Ihesabu kwa programu moja, andika kama nafasi zimehesabiwa au la, na mkabidhi mtu mwingine namba hiyo kabla shindano halijafunguliwa. Msomaji wako wa kudumu ana faida kidogo katika kukadiria, kwa kuwa anajua unaandika kwa urefu gani, na hiyo ni faida ya haki. Eleza pia kwamba kukosea juu na kukosea chini kunahesabiwa sawa.

Ikiwa bado wawili wamelingana, au ukipenda kutoa zawadi ndogo kwa mshiriki yeyote bila kujali pointi, fanya droo. Kuchanganya vikaratasi kwa mkono si jambo rahisi kama linavyoonekana. Tarehe 1 Desemba 1969 serikali ya Marekani iliendesha bahati nasibu ya kuwaita vijana jeshini kwa kutumia vidonge 366 vyenye tarehe za kuzaliwa. Vidonge viliingizwa mwezi baada ya mwezi na havikuchanganywa vya kutosha, na tarehe za miezi ya mwisho wa mwaka zikatoka mapema kupita ilivyotarajiwa. Watakwimu walionyesha kasoro hiyo, na utaratibu ukabadilishwa kwa droo iliyofuata. Wewe wape washiriki namba kwa mpangilio wa kufika kwao, mjulishe kila mmoja namba yake kabla ya droo, kisha tumia programu ya kuchagua namba bila mpangilio huku ukirekodi video tangu mwanzo hadi mwisho bila kukata.

Kuhusu sheria, soma ya nchi yako na za nchi wanakoishi wasomaji wengi, lakini kanuni ya jumla katika nchi nyingi ni hii: bahati nasibu inahesabiwa kuwapo pale zawadi, bahati, na malipo ya kushiriki vinapokutana. Ondoa malipo, na sehemu kubwa ya hatari inaondoka. Usimdai mtu anunue kitu wala alipie toleo maalumu la jarida ili ashiriki. Nchini Kanada sheria ya jinai ndiyo iliyozaa desturi ya kumuuliza mshindi wa droo swali la hesabu kabla ya kukabidhiwa zawadi, ili ushindi usiwe wa bahati tupu. Nchini Uingereza, sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2005 inataka shindano la kulipia linalojiita la ujuzi liwe gumu kiasi cha kuizuia sehemu kubwa ya watu isishiriki au isishinde. Swali ambalo jibu lake liko katika aya iliyotangulia halifikii kiwango hicho. Taja pia umri wa chini wa kushiriki, na ueleze nchi ambazo huwezi kupeleka zawadi.

Zawadi haihitaji kuwa ya gharama, ila inahitaji kufika. Vifurushi huchelewa mwishoni mwa mwaka, hivyo kitabu cha kielektroniki au usajili wa mwaka mzima ni salama zaidi, na ukituma kitu cha kushikika, andika mapema kwamba kitafika baada ya sikukuu. Usikusanye anwani za watu wote. Anwani ya barua pepe inatosha kushiriki, ya nyumbani aombwe mshindi peke yake, na zote zifutwe kazi ikiisha.

Mwisho wa utaratibu wenyewe, usitangaze jina siku uliyofunga. Toa kwanza majibu yote, kila moja likiwa na maelezo ya chanzo chake, pamoja na ile namba ya makadirio, na uwape wasomaji saa 48 za kupinga. Andika katika masharti tangu siku ya kwanza kwamba swali litakalothibitika kuwa na kasoro litafutwa kwa washiriki wote. Usiliongezee jibu la pili baada ya kuona ni nani ameliandika. Pingamizi likija, lijibu hadharani bila kumtaja aliyelileta. Saa hizo zikipita, hesabu pointi upya kutoka mwanzo, mwandikie mshindi faragha uhakikishe anapatikana na anaridhia jina lake litajwe, na ikiwa hajibu ndani ya siku saba, zawadi iende kwa anayemfuata.